Mguu wa Kulia wa Fundi Cherehani

Nyuma ya ukumbi wa kutelezea kwa viatu vya magurudumu kuna chumba chembamba ambacho zamani kilikuwa cha kukatia tiketi. Kidirisha chake bado kipo, na kupitia kidirisha hicho watu humwona fundi akiwa ameinama, utosi ukitangulia uso. Wanamwita Pacha wa Magurudumu, kwa sababu ndugu yake aliyezaliwa naye siku moja ana saluni ng'ambo ya barabara, naye ni Pacha wa Vichwa. Wamefanana mno. Mtu anaweza kutoka kunyolewa, akavuka barabara na kumkuta kinyozi wake yuleyule dirishani ameshika spana, akajipapasa kichwa kuhakikisha kama kweli amenyolewa.

Kabla ya magurudumu madogo alikuwa mtu wa baiskeli. Ukumbi ulipofunguliwa, mteja mmoja alimletea kiatu cha magurudumu kilichokuwa kikilia kama panya aliyebanwa, akamwomba akitie mafuta. Akakitia. Kisha, kwa udadisi tu, akakigeuza na kufungua nati ya kwanza. Ndugu yake husema hajawahi kuifunga tena.

Alichokiona chini ya kiatu kile kilimshika mpaka nywele za masikioni zikaanza kuwa nyeupe. Chini ya soli kuna bamba la chuma. Chini ya bamba kuna vyuma viwili, kimoja mbele na kimoja kisiginoni, na kila kimoja kimebeba ekseli yenye gurudumu kila upande. Vyuma hivyo yeye aliviita magoti, kwa kuwa ndivyo vinavyopinda: ukiegemea kushoto, goti linalala kushoto, na kiatu kinafuata. Katikati ya goti hupita bolti nene iliyovishwa mipira miwili midogo, mmoja juu na mmoja chini. Mpira laini huitika upesi; ukiinama kidogo tu umeshageuka. Mpira mgumu ni mbishi, hausogei mpaka uone kwamba umekusudia. Na ncha ya goti huketi ndani ya kikombe kidogo cha mpira, kama mfupa wa paja unavyoketi kwenye nyonga. Basi, ni hivyo tu. Lakini juu ya hayo machache husimama binadamu mzima, na hakuna wawili, kama alivyokuja kugundua, wanaosimama kwa namna moja.

Hakuwa na haraka ya kushika spana. Mteja mpya alimsimamisha juu ya ubao akiwa na soksi tu, akachuchumaa kutazama nyayo zinapotanukia. Ekseli alitaka ilingane na upana wa soli. Ikizidi sana, magurudumu hugongana miguu inapopishana, na mtu anaanguka huku akimlaumu jirani. Ikipungua sana, kifundo cha mguu hutetemeka kama cha mtu anayetembea juu ya kamba. Kisha alimwambia aketi kwenye benchi, na hapo ndipo alipochagua mipira. Hakuuliza uzito. Alitazama mtu anavyoketi: yupo anayejitupa, na yupo anayejishusha polepole kana kwamba benchi lina mayai. Mipira yenyewe aliihifadhi kwenye makopo ya maziwa, laini upande wa dirisha, migumu upande wa ukuta, na aliitambua kwa kuiminya kwa ukucha wa kidole gumba. Mwisho alikaza nati mpaka mpira ushikwe bila kubanwa, akafumba macho, akalisukuma goti huku na huku kwa kidole, sura yake ikiwa ya mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili.

Alikuwa na sheria moja, na hakuna aliyewahi kumwona akiivunja. Viatu ni mapacha. Mpira wa kushoto ukichakaa, aliubadilisha pamoja na wa kulia hata kama huo ungali mzima. Nati ya huku ikipata robo mzunguko, ya kule nayo ilipata robo mzunguko. Goti lililofiwa na mwenzake alilitia kwenye ndoo ya vyuma chakavu, zima kabisa, bila kulitazama mara mbili. Wateja walidhani huo ndio utaalamu. Ndugu yake tu ndiye aliyejua ulikotoka. Mama yao aliwalea hivyo: kitambaa kimoja, mashati mawili, vifungo vilevile, mkate aliukata kwa uzi ili mtu asije akasema kapunjwa. Hata sasa, wazee wenye wajukuu, kinyozi alipomnyoa ndugu yake alimnyoa kama alivyonyolewa yeye mwenyewe, mstari uleule juu ya sikio lilelile. Mama alikuwa amelala kaburini siku nyingi, lakini wembe uliendelea kumtii.

Fundi cherehani alifika dirishani akiwa amevining'iniza viatu vyake vya mitumba shingoni kwa kamba zake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye pini zilizosahauliwa kwenye kola na nyuzi za rangi mbalimbali zilizomng'ang'ania begani. Alisema vinamgonga. Fundi alivigeuza tu akaona: ekseli zilikuwa za mtu mwenye nyayo kama beleshi, na zake zilikuwa nyembamba. Akamtafutia magoti yenye ekseli fupi, yote ya familia moja, akatoa mipira ya zamani iliyokuwa imepasuka kama visigino vya kiangazi, akaweka mipya ya ugumu wa wastani na vikombe vipya. Magurudumu yakaacha kugongana. Wangeweza kuagana hapo na hadithi ikaisha.

Alirudi wiki iliyofuata. Haanguki tena, alisema, na anateleza vizuri sana, ila haendi anakotaka. Anakwenda kushoto. Kila akinyooka, kushoto. Akikazana kwenda kulia, ananyooka kidogo, akisahau tu, kushoto.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kucheka. Yeye lilimnyima raha, na alipoeleza sababu, fundi aliweka spana chini. Binti yake, msichana aliyefika umri wa kujibu kwa mabega badala ya maneno, alikuwa katika kundi la wanawake na wasichana wanaoteleza kwa mstari mmoja, wameshikana mikono, kutoka ukuta huu wa ukumbi hadi ule. Walikuwa wakijiandaa kuonyesha mbele ya watu. Nyumbani, mama na binti walikaa chumba kimoja kama abiria wa kituo kimoja wanaosubiri magari tofauti; hata wakipokezana sahani, vidole vya binti vilishika ukingo wa mbali. Mama aliposikia nafasi ya kushoto kabisa ya mstari iko wazi, karibu na binti yake, alijiandikisha ilhali hajawahi kusimama juu ya kitu chenye magurudumu.

“Mimi si mtu wa michezo, fundi,” alimwambia. “Nimejifunza kwa sababu pale lazima anishike mkono.”

Sasa mstari ulikuwa ukipinda upande wake kila mara. Alikuwa akimvuta binti, binti akimvuta jirani, na wote wakawa wanafika ukutani kama mkufu uliokatika. Mwalimu wa kundi hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwa upole kwamba atamjaribu tena Jumamosi asubuhi, na kama mstari utapinda, basi aketi kwenye benchi awatunzie wenzake mikoba. Hilo angelivumilia. Kilichomchoma ni binti yake, aliyesema chinichini, akifungua kamba za viatu bila kuinua uso, “Mama, si ukae tu.”

Fundi alivichukua viatu vile kama mtu aliyepewa fumbo la kutegua. Kwanza aliviweka juu ya kioo kilicholala sawasawa mezani, akavisukuma vitupu. Vilikwenda moja kwa moja mpaka vikaanguka mapajani mwake. Akavivaa yeye mwenyewe, akiwa amekunja vidole vyake vya miguu, akazunguka ukumbi mtupu akiwa amebana midomo. Vilinyooka. Akaanza kuushuku ukumbi. Akatembeza gololi sakafuni kutafuta mteremko, akitambaa nyuma yake kwa mikono na magoti, na mfagiaji akamuuliza kama amepoteza jino. Akamwita fundi cherehani, akamwambia ateleze kutoka mlango mkubwa kwenda jukwaani: kushoto. Kutoka jukwaani kurudi mlangoni: kushoto. Sakafu haikuwa na hatia. Akahamisha magoti ya kiatu cha kulia yakaenda cha kushoto na ya kushoto yakaenda cha kulia. Kushoto.

Kinyozi, ambaye hakuwahi kukosa ushauri, alisema suluhisho ni rahisi: mwanamke aanze akiwa amesimama kulia kabisa, mpaka afike atakuwa katikati. Ndugu yake hakucheka. Aliacha chai yake ikapoa ikaota ngozi.

“Kitu kinaona kitu ambacho mimi sikioni,” alisema.

“Nani anaona?”

“Hicho kiatu.”

Alhamisi alikwenda mwenyewe kwa fundi cherehani, akiwa na kisingizio kizuri: suruali aliyoibeba kwapani ilikuwa imeisha magotini kwa kuchuchumaa. Chumba cha kushonea kilikuwa mlango mmoja na dirisha moja, na marobota ya sare za shule yalikuwa yamepanda ukutani hata ramani ya zamani iliyobandikwa pale ikabaki na bahari tu. Binti hakuwepo. Kiti chake kilikuwepo, kimegeuzwa mgongo kwa mashine. Mwanamke aliipokea suruali, akasema aketi, itachukua dakika chache, naye akaketi kwenye kijibao, chini kuliko meza, macho yake yakielekea pedeli.

Cherehani ilianza kuimba. Alisikiliza kwanza, maana ndivyo alivyozoea, kisha akatazama. Mwanamke alikuwa amevua ndala. Mguu wa kushoto alikuwa ameukunja chini ya kiti, umelala kama paka. Kazi yote ilikuwa ya mguu wa kulia. Goti lake lilikuwa limeegemea ndani, na wayo ulisukuma pedeli kwa upande wa kidole gumba tu, tena na tena, bila yeye kujua kama ana mguu. Pedeli ilikuwa ya chuma chenye maua ya kuchongwa. Maua yote yalikuwepo, isipokuwa pale chini ya kidole kile, ambapo chuma kilikuwa laini na kung'aa kama kijiko.

Fundi aliinama akaokota ndala za mwanamke, moja mkono huu na nyingine mkono ule, akazigeuza. Ya kushoto ilikuwa na mistari yake yote. Ya kulia ilikuwa imelika upande wa ndani hadi mwanga ukapita.

“Ulianza kushona lini?” aliuliza.

“Miguu yangu ikiwa haijafika chini vizuri. Mama aliniwekea tofali.”

“Na huu wa kushoto hufanya nini?”

Mwanamke aliutazama mguu wake kana kwamba umeingia sasa hivi. “Huo?” alisema. “Unaningoja.”

Hapo ndipo alipomweleza, polepole, kwa kuwa hata yeye alikuwa akijieleza. Mguu wake wa kulia, kila unapokutana na kitu chini yake, unatafuta pedeli. Unaegemea ndani. Goti la mbele la kiatu cha kulia linaliona egemeo hilo na kulitii, na kutii kwake ni kwenda kushoto. Viatu havikuwa na ubovu. Vilikuwa vikisema kweli siku zote, ila kweli yenyewe ilikuwa ya cherehani. Mwanamke alimuuliza kama anaweza kuufundisha mguu wake uache. Akajibu kwamba labda, lakini si kabla ya Jumamosi.

Dawa aliijua kabla hajafika mlangoni. Goti la mbele la kulia lilihitaji mipira migumu, mibishi, isiyosikiliza kila uvumi. Na kiatu cha kushoto kilihitaji mipira laini, ili mguu uliozoea kungoja upate cha kufanya. Yaani viatu viwili, kila kimoja na mambo yake. Dawa aliijua, mkono ndio uliokataa. Ijumaa mchana kutwa makopo mawili yalikaa mbele yake, la dirishani na la ukutani, naye akitengeneza viatu vya watu wengine.

Ndivyo kinyozi alivyomkuta alipoleta chai. Alitazama makopo, akatazama viatu, akauliza anangoja nini.

“Niweke upande mmoja tu?”

“Si ndio upande unaoumwa?”

“Havitakuwa jozi tena.”

Kinyozi alikalia ndoo ya vyuma chakavu, ile yenye magoti wajane, akapuliza chai. Kisha alianza kuzungumzia mashati. Yale mashati ya mama, alisema, yale ya kitambaa kimoja, lake lilikuwa likimbana makwapani tangu wakiwa wadogo. Alikuwa na mabega mapana kuliko mwenzake. Akiinua mkono darasani, mshono ulilia, kwa hiyo akaacha kuinua mkono, na mwalimu akadhani hajui. Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja njia ya mkato ambayo siku hizi imefungwa.

“Alikuwa anapima mmoja, anakata mawili,” alisema. “Alikupima wewe, kwa sababu wewe ulikuwa unatulia.”

“Mbona hukusema?”

“Ningesemaje, na lilikuwa sawa na lako?”

Pacha wa Magurudumu alimtazama ndugu yake. Alikuwa ameuona uso ule kila siku ya maisha yake, mara nyingi zaidi ya alivyouona wake, na macho yake hayakuwahi kushuka chini ya kidevu. Sasa aliyaona mabega. Yalikuwa mapana kweli. Alipoingia yalikuwa yameujaza mlango wa chumba cha tiketi kwa namna ambayo yake hayakuwahi kuujaza. Alistaajabu jinsi kitu kikubwa hivyo kinavyoweza kukaa mbele ya fundi wa kupima bila kupimwa.

Kinyozi aliinuka, akakusanya vikombe. Akiwa mlangoni alisema kwamba siku ya kunyoa ikifika, atamuuliza anatakaje. Ndugu yake akajibu kwamba hajui, hajawahi kuulizwa.

Alipobaki peke yake alifungua nati ya goti la mbele la kulia, akatoa mipira ya wastani, akavisha migumu juu na chini. Akakaza, akafumba macho, akasukuma kwa kidole. Goti lilikataa kwa adabu. La nyuma aliliacha na mipira yake, akalikaza kidogo tu. Kisha kile cha kushoto: mipira laini mbele na nyuma, nati zimelegezwa mpaka goti likawa linatikisa kichwa kwa kuguswa tu. Aliviweka viwili hivyo mezani kando kwa kando. Kwa macho vilikuwa sawasawa. Yeye peke yake alijua, na kujua huko kulimwasha kama mtu aliyetoka nyumbani amevaa soksi za rangi mbili.

Jumamosi asubuhi alimfunga fundi cherehani viatu kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa desturi yake, kwa kuogopa asije akavivaa na mazoea ya jana. Akamwambia kwamba amevitenganisha, na vyote viwili vitamshangaza. Mwanamke alichomoa uzi mwekundu kutoka begani mwake, akaufunga kwenye kamba ya kiatu cha kulia asije akasahau kipi ni kipi. Akateleza kidogo, akageuka, akarudi na uso wenye maswali.

“Huyu wa kulia ananikatalia.”

“Mwache akatae. Ndiyo kazi yake.”

“Na huyu wa kushoto anauliza-uliza kila kitu.”

“Mjibu, fundi mwenzangu. Amengoja sana.”

Kipenga kililia. Mwalimu aliwapanga ukutani, mama mwisho kushoto, binti kando yake. Binti alitoa mkono wake kama mtu anayetoa kitambulisho, akitazama mbele. Fundi alisimama mlangoni mwa chumba cha tiketi, kidole gumba kikiminya mpira aliousahau mkononi.

Mstari uliondoka. Magurudumu yalinguruma kwa pamoja kwenye mbao, sauti ya mvua inayotembea juu ya bati. Walipita benchi, wakapita taa ya kwanza, wakakaribia katikati, pale ambapo siku zote kulianza kupinda. Fundi hakuitazama miguu ya mama. Kitu kingine kilikuwa kimemvuta macho. Binti, kabla hawajafika pale, alikuwa ameshaanza kuegemea kulia, bega limekazwa, meno yameumana, akijiandaa kuvutwa. Alikuwa amejiandaa hivyo kila siku ya mazoezi, mpaka mwili wake nao ukawa na egemeo lake.

Hakuvutwa. Mama alikwenda moja kwa moja kama aliyefuata mstari wa chaki. Binti, aliyekuwa ameegemea mvuto usiokuwepo, akayumba kulia, akamgonga jirani, mguu mmoja ukapaa. Mstari ukatetemeka. Na mkono ule wa kushoto, uliotolewa kama kitambulisho, ukashika mkono wa mama kwa vidole vyote. Mama alikaza. Kiatu chake cha kulia kilikataa kwenda popote, cha kushoto kikarekebisha kwa chembe, na binti akarudi mahali pake. Wakafika ukutani, wote, kwa pamoja.

Mwalimu aliukagua mstari. Kisha akanyoosha kidole, na fundi akauminya ule mpira kwa nguvu.

“Wewe wa pili,” alimwambia binti, “nyooka. Unatusumbua. Tunarudia.”

Neno la benchi na mikoba halikutajwa. Wanawake walianza kugeuka, wakicheka, wakirekebisha nguo. Binti aliinamisha kichwa, akatazama miguu ya mama yake, akaona uzi mwekundu. Aliutazama kwa udadisi, kama aliyemwona mama yake amevaa kitu kipya na anajaribu kukumbuka kama ni kipya kweli.

“Mama, umeacha kunivuta.”

“Nimeacha.”

Wengine walikuwa wameshaachana mikono kwa kujifuta jasho. Binti alijipanga upya, akajinyoosha, akayumba tena kidogo pale pale aliposimama.

“Basi usiniachie,” alisema, na kipenga kilikuwa bado hakijalia.